Jinsi ya Kupata Kampuni Nzuri Inayouzwa Chini ya Thamani Yake: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Hisa

"Kaka, kuna hisa gani ya bei rahisi sasa hivi?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza huwa na maana ileile: anataka hisa ya shilingi 100 au 200, ili laki zake tano zimpe hisa nyingi. Ile ya shilingi 5,000 anaiona ni ya matajiri. Basi ananunua hizo nyingi, anakaa nazo miaka mitatu, gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa) halioni, akitaka kuuza mnunuzi hapatikani. Kisha anawaambia wenzake kwamba soko la hisa ni kamari.

Kosa liko kwenye neno "rahisi". Bei ya hisa moja peke yake haikuambii kama kitu ni rahisi au ghali, kama vile bei ya kipande cha keki haikuambii chochote kabla hujajua keki imekatwa vipande vingapi.

Njia ninayoieleza hapa ni moja tu: unaikadiria kampuni nzima, unahakikisha kwamba hiyo kampuni nzima ni nzima kweli, halafu unakubali kulipa chini ya thamani yake au unaacha. Mifano mingi ni ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lakini hesabu zake ni zilezile ukiwa Nairobi au Kampala.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kutunzia hisa. Unafunguliwa na dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), au unajisajili kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya DSE.
- Ripoti za mwaka za miaka mitano za kila kampuni unayoichunguza. Zinapatikana bure kwenye tovuti za kampuni zenyewe. Nasema ripoti kamili, yenye maelezo ya hesabu na maoni ya mkaguzi. Ule ukurasa mmoja wa gazetini hautoshi.
- Taarifa ya bei ya soko ya siku, inayoonyesha bei na idadi ya hisa zilizouzwa.
- Riba ya sasa ya hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani mikopo ambayo wananchi wanaikopesha serikali kwa riba. Hii ndiyo rula yetu.
- Daftari, kalamu na kikokotoo. Jedwali la kompyuta ni zuri, ila si lazima.
- Fedha usiyoihitaji kwa miaka mitano. Ada ya watoto ya Januari haimo humu.

## Hatua ya 1: Punguza orodha

Andika kampuni zote zilizoorodheshwa. Kwa DSE zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kisha kata bila huruma: kampuni usiyoweza kueleza kwa sentensi mbili inavyopata pesa, kampuni iliyochelewesha hesabu zake, kampuni iliyopata hasara miaka miwili au zaidi kati ya mitano, na kampuni ambayo hisa zake hukaa majuma bila kuuzwa hata moja.

Usimwonee huruma hata yule unayempenda. Mimi niliwahi kubaki na hisa za kampuni moja (siitaji) kwa sababu tu niliipenda bidhaa yake. Hesabu zilichelewa mwaka wa kwanza, nikasema watazitoa. Mwaka wa pili zikachelewa tena. Bidhaa bado naipenda. Fedha yangu sijaiona.

Umefaulu ukibaki na majina matano hadi manane.

## Hatua ya 2: Zidisha bei kwa idadi ya hisa

Chukua bei ya hisa moja, zidisha kwa idadi ya hisa zote zilizotolewa. Jibu ndilo bei ambayo soko linaiuza kampuni nzima leo. Idadi ya hisa utaikuta kwenye ripoti ya mwaka, sehemu ya mtaji wa hisa.

Tuchukue mwishoni mwa mwaka 2019. Hisa ya Benki ya CRDB ilikuwa karibu shilingi 100, ya Benki ya NMB ilikuwa shilingi 2,340. Wengi walisema CRDB ni rahisi mara 23. Lakini CRDB ina hisa takribani bilioni 2.61 na NMB ina milioni 500. Zidisha: soko lilikuwa linaiuza CRDB nzima kwa karibu shilingi bilioni 261, na NMB nzima kwa bilioni 1,170. Tofauti ni kama mara nne na nusu, wala si 23. Na bado hatujajua nani rahisi, maana hatujaangalia kila mmoja anapata faida kiasi gani.

Mfano mwingine: Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma mwaka 2017, bei ilikuwa shilingi 850. Watu walifurahia kwamba ni chini ya elfu moja. Ila hisa zote zilikuwa bilioni 2.24, kwa hiyo bei ya kampuni nzima ilizidi shilingi trilioni 1.9. Wachache sana niliozungumza nao wakati ule walikuwa wamefanya kuzidisha huko. Baadaye hisa hiyo ilikuja kuuzwa chini ya 850, na waliokuwa wamenunua kwa sababu ya "chini ya elfu moja" hawakujua waiache au waiongeze, kwa kuwa hawakuwa wamejua tangu mwanzo wamelipia nini.

## Hatua ya 3: Gawanya faida kwa bei, kisha linganisha na hatifungani

Chukua faida baada ya kodi ya mwaka mzima, igawanye kwa bei ya kampuni nzima, zidisha kwa 100. Unapata asilimia ambayo kila shilingi yako inazalisha ndani ya kampuni.

Tuendelee na benki zetu mbili. Faida ya CRDB ya mwaka 2018 ilikuwa karibu bilioni 64. Kwa bei ya bilioni 261, hiyo ni asilimia 24.5. Faida ya 2019, iliyotangazwa miezi michache baadaye, ilipanda hadi bilioni 120, yaani asilimia 46 kwa bei ileile. NMB ilipata karibu bilioni 142 mwaka 2019. Kwa bei ya bilioni 1,170, ni asilimia 12.

Sasa toa rula. Hatifungani ya serikali ya miaka 20 wakati huo ililipa riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, tena riba isiyokatwa kodi. Mtu wa kawaida ana haki ya kuuliza: kwa nini nibebe hatari ya kampuni kama serikali inanipa 15 nikiwa nimelala?

Kwa CRDB jibu lilikuwa wazi: asilimia 24 kwenda juu inalipia usumbufu. Kwa NMB, 12 ilikuwa chini ya rula.

Hapa niseme ukweli ambao waandishi wa miongozo hawapendi kuusema. Kanuni hii ingekufanya uiache NMB, na ungekosea. Riba ya hatifungani haikui. Faida ya kampuni nzuri inakua. Faida ya NMB ya mwaka 2023 ilizidi bilioni 500, na gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 361 kwa hisa iliyonunuliwa kwa 2,340. Rula inakulinda usinunue takataka, lakini itakunyima pia baadhi ya vito. Mimi nimekubali gharama hiyo. Ukitaka kulipia ukuaji, uwe na ushahidi wa miaka mitano iliyopita, maana matumaini ya mkurugenzi yaliyoandikwa kwenye barua ya ufunguzi hayana hesabu.

Tahadhari: usitumie faida ya mwaka mmoja ulionona. Kampuni ikiuza jengo, faida ya mwaka huo inavimba, na mwakani jengo la kuuza halipo tena.

## Hatua ya 4: Pima ubora

Sasa una kampuni mbili tatu zenye bei nzuri. Tafuta kama ni nzuri zenyewe.

Kwanza, faida kwa mtaji. Gawanya faida kwa mtaji wa wanahisa ulio kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Kampuni inayozalisha asilimia 15 na kuendelea kwa miaka mitano mfululizo ina kitu ambacho washindani wanashindwa kukinyakua: jina, mtandao wa matawi, machimbo ya chokaa karibu na kiwanda, leseni. Kitambue kitu hicho kwa jina na ukiandike. Ukishindwa kukitaja, huenda hakipo.

Pili, madeni. Kwa kiwanda au kampuni ya biashara, gawanya faida kabla ya riba na kodi kwa riba inayolipwa. Ikiwa chini ya mara tatu, mwaka mmoja mbaya unatosha kuiweka mikononi mwa benki. Angalia pia mkopo uko kwa sarafu gani. Deni la dola kwa kampuni inayouza kwa shilingi linaongezeka shilingi ikishuka, hata kama kampuni haijakopa senti nyingine.

Benki zinapimwa tofauti, kwa sababu kazi yao yenyewe ni madeni. Kwao tazama mikopo chechefu (ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa ipasavyo) na gharama kwa mapato. Benki Kuu ya Tanzania inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Benki iliyo juu ya hapo ina habari mbaya ambazo bado hazijaingia kwenye faida. Na benki inayotumia zaidi ya senti 60 kuzalisha kila shilingi ya mapato inafanya kazi kwa ajili ya wafanyakazi na wenye majengo, siyo kwako.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza shangazi yako, asiyejua hisa ni nini, kwa nini washindani hawaiui kampuni hiyo.

## Hatua ya 5: Fuata fedha taslimu

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyowaokoa wengi ninaowafahamu. Kaa hapa hata jioni mbili.

Fikiria unanunua duka la Mangi mtaani. Anakwambia mwezi huu ameuza kwa faida ya laki nane. Vizuri. Unamwomba droo, ina elfu arobaini. Laki nane ziko wapi? Anafungua daftari la mikopo: mama fulani anadaiwa, fundi fulani anadaiwa, mwenyekiti wa mtaa anadaiwa tangu mwaka jana. Faida ipo kweli, ila ipo kwenye daftari.

Kampuni kubwa nazo zina daftari hilo. Linaitwa wadaiwa, na liko kwenye mizania. Fanya hivi: andika faida ya kila mwaka, na chini yake andika fedha taslimu kutoka kwenye shughuli za biashara, namba iliyo kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Tuchukue kiwanda cha mabati cha mfano, namba nimezitunga mwenyewe:

- Mwaka wa kwanza: faida bilioni 8, fedha taslimu bilioni 7, wadaiwa bilioni 10.
- Mwaka wa pili: faida bilioni 9, fedha taslimu bilioni 3, wadaiwa bilioni 19.
- Mwaka wa tatu: faida bilioni 11, fedha taslimu zilizotoka zimezidi zilizoingia kwa bilioni 2, wadaiwa bilioni 34.

Gazeti litaandika "faida yapaa". Wewe unaona kiwanda kinachogawa mabati kwa mkopo kwa watu wasiolipa. Kikitangaza gawio mwaka huo, jiulize fedha zimetoka wapi. Mara nyingi zimetoka benki.

Ukimaliza, soma maelezo ya hesabu kuanzia nyuma kwenda mbele. Tafuta mambo mawili: miamala na watu wenye uhusiano na kampuni (mwenye hisa nyingi akikodishia kampuni jengo lake, kodi anaipanga nani?), na kesi za kodi zinazoendelea. Kesi ya kodi ya bilioni 40 kwa kampuni yenye faida ya bilioni 15 haiwezi kuwa jambo dogo, hata kama imeandikwa kwa herufi ndogo.

Kwa benki mtiririko wa fedha hausomeki hivi, kwa kuwa amana za wateja zinaingia na kutoka. Kwao rudi kwenye mikopo chechefu.

Umefaulu ikiwa jumla ya fedha taslimu ya miaka mitano inakaribia au inazidi jumla ya faida ya miaka hiyo.

## Hatua ya 6: Jua kwa nini inauzwa chini

Soko haliwi jinga bila sababu. Kabla ya kununua, andika sentensi moja inayoanza na "Inauzwa chini kwa sababu…"

Sababu ikiwa ya kupita, endelea. CRDB ya 2019 ilikuwa hivyo: faida ilikuwa imeanguka hadi karibu bilioni 36 mwaka 2017, mikopo mibaya ikiila. Wengi waliuza kwa hasira. Lakini matawi yalikuwepo, amana za wateja zilikuwepo, na hesabu za robo mwaka zilionyesha uponyaji tayari umeanza. Huhitaji kutabiri, benki huchapisha hesabu kila baada ya miezi mitatu.

Sababu ikiwa ya kudumu, kimbia. Mumias Sugar ya Kenya iliwahi kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa sukari nchini humo. Hisa yake ikashuka hadi chini ya shilingi moja ya Kenya, na kila iliposhuka kuna waliosema "sasa haiwezi kwenda chini zaidi". Mwaka 2019 benki iliyoidai ikaweka msimamizi wa kukusanya deni lake. Uchumi Supermarkets, iliyokuwa imeorodheshwa pia DSE, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Hisa iliyoshuka asilimia 90 inaweza kushuka asilimia 90 nyingine, kikokotoo hakikatai.

Kama sentensi yako inaishia "…sijui kwa nini", hujamaliza kazi. Rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Panga bei yako kabla ya kuangalia ya soko

Njia yangu ni ya kizamani lakini inanitosha. Chukua faida kwa hisa moja, igawanye kwa riba ya hatifungani, kisha toa theluthi. Theluthi hiyo ni pengo la usalama, kwa makosa yako na kwa mambo yatakayotokea bila kukuaga.

CRDB kwa faida ya 2018 peke yake: bilioni 64 gawanya kwa hisa bilioni 2.61 ni karibu shilingi 24.5. Gawanya kwa 0.155, unapata 158. Toa theluthi, inabaki kama 105. Soko lilikuwa linauliza karibu 100. Imepita, tena kwa faida ya mwaka mbaya.

Kilichofuata ni gawio la shilingi 17 kwa mwaka 2019, 22 kwa 2020, 36 kwa 2021, 45 kwa 2022, 50 kwa 2023. Hisa ni ileile ya karibu shilingi 100. Sisemi ununue CRDB leo. Bei ya leo si ile, na hesabu lazima uifanye upya.

## Hatua ya 8: Nunua taratibu

Mpe dalali agizo lenye bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, usimwambie "ninunulie tu". Kwenye soko letu agizo kubwa la siku moja linaweza kupandisha bei dhidi yako mwenyewe. Gawanya fedha mara tatu au nne kwa miezi kadhaa.

Ada zote za kununua kwa mtu mdogo hukaribia asilimia 2, na kuuza vilevile. Anayenunua na kuuza kila baada ya miezi miwili anamfanyia kazi dalali. Kwa upande wa kodi, gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE hukatwa asilimia 5 kabla halijakufikia.

Usiweke zaidi ya robo ya fedha zako kwenye kampuni moja. Hata ukiwa na uhakika. Hasa ukiwa na uhakika.

## Hatua ya 9: Baada ya kununua

Siku unaponunua, andika karatasi moja: sababu ya kununua, bei, na mambo matatu yatakayokufanya uuze. Mfano: mikopo chechefu ikivuka asilimia 5, mkaguzi akitoa maoni yenye mashaka, au bei ikizidi sana thamani uliyoikokotoa. Bei kushuka peke yake usiiweke kwenye orodha hiyo.

Fungua karatasi hiyo hesabu za mwaka zinapotoka, siyo kila asubuhi.

Nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka angalau mara moja, au ujiunge kwa mtandao. Una haki ya kuuliza, hata ukiwa na hisa mia.

Na hakikisha dalali ana namba yako ya simu na akaunti ya benki zinazofanya kazi, na mtu mmoja nyumbani anajua kwamba hizo hisa zipo. Gawio linalokosa mwenyewe halimfikii mtu, na nimeona familia zikigundua karatasi za hisa za baba kwenye sanduku miaka kumi baada ya msiba.